Maandamano, mgomo, kususia, vurugu au maasi: uandike lipi?

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kichwa cha habari chenye neno moja lisilo sahihi, na gharama yake ikalipwa na watu wengine. Wauza samaki wa soko moja mkoani Tanga, wengi wao wanawake, walikuwa wamefunga meza zao kwa sababu ya ushuru mpya. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, simu sikioni, muda unayoyoma, nikaandika: "Wauza samaki waandamana." Kesho yake mama mmoja akanipigia. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko matusi, "sisi hatukuandamana. Tulikaa. Hakuna aliyeinua mguu kwenda popote. Sasa wamekuja kutuuliza nani alitupa kibali."

Tangu siku hiyo siandiki neno la aina hii kabla ya kulipima. Naandika hapa kwa ajili ya yeyote anayekwama nilipokwama: mwandishi wa habari, mfasiri aliyekutana na neno protest la Kiingereza akakuta Kiswahili kina maneno matano mlangoni, mwalimu wa historia, katibu wa chama cha wafanyakazi anayeandika barua, au mtu anayetaka tu kumweleza ndugu yake aliye Muscat au Toronto kilichotokea mjini leo.

Vipimo vyenyewe

Ninapima kila neno kwa mambo manne. La kwanza ni mwili: watu walifanya nini hasa? Walitembea, walikaa, waliacha kazi, walirusha mawe? La pili ni mtendaji: neno hilo linaonyesha mtu aliyetenda, au linamficha? La tatu ni sheria, yaani neno linamweka mtu wapi mbele ya polisi na hakimu. La nne naliita mzigo: msikilizaji anakuwa ameshahukumu nini kabla hajafika aya ya pili?

Maneno haya hayalingani uzito, kwa hiyo sitayapa nafasi sawa. Ila maswali ni yale yale kwa kila moja.

Maandamano

Kwa mwili, neno hili liko wazi. Kuandama ni kufuata. Hata mwezi mpya ukionekana tunasema umeandama. Kuandamana ni kufuatana. Maandamano basi ni watu wanaofuatana njiani, na hasira haimo ndani ya neno. Ndiyo maana padri hutangaza maandamano ya Jumapili ya Matawi, chuo kikuu kikawa na maandamano ya wanataaluma siku ya mahafali, na Mei Mosi wafanyakazi hupita mbele ya mgeni rasmi na bendi na fulana mpya. Yote ni maandamano, na hakuna anayefunga duka kwa hofu.

Historia ya Tanzania inalionyesha hili vizuri. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao takriban 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Haikutimia miezi minne, Azimio la Arusha likatoka, Februari 1967, na vijana wakaandamana kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Oktoba mwaka huo Nyerere naye akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Neno moja linabeba kikundi kilichofukuzwa na kikundi kilichopongezwa. Kwa hiyo maandamano lina njaa ya kijalizo: ya kupinga nini, ya kuunga mkono nini, ya kudai nini. Ukiliacha peke yake, msikilizaji wa parokiani atawaza matawi, na msikilizaji wa Kariakoo atawaza mabomu ya machozi.

Kuna mtego mwingine kwenye kitenzi. Redio za Kenya husema waziri "aliandamana na gavana," maana yake walikuwa pamoja katika ziara. Mtu wa Mbeya akisikia hivyo anatafuta mabango, kwa sababu Tanzania tungesema "aliongozana" au "aliambatana." Kama unaandikia pande zote mbili za mpaka wa Namanga, kichwa kama "Mbunge aandamana na wakulima" ni hatari, ongeza neno moja na hatari inaisha.

Kwa mtendaji, hili ndilo neno lenye heshima kuliko yote. Maandamano huitishwa, hupangwa, hufanywa. Mwandamanaji ni mtu mwenye miguu na sababu. Ukiandika waandamanaji, msomaji anajua kuna watu walioamua jambo.

Kwa sheria, Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka polisi waarifiwe si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Tanzania, uhuru wa kukusanyika umo katika Ibara ya 20 ya Katiba, na sheria ya jeshi la polisi inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Neno la sheria ni taarifa. Mitaani na hata magazetini tumelibadilisha likawa kibali, na mabadiliko hayo madogo ya msamiati yamehamisha haki kutoka mkononi mwa raia na kuiweka mezani kwa afisa. Naomba kila anayeandika kuhusu jambo hili aangalie hapo: je, watu walikosa kibali, au walitoa taarifa wakakatazwa? Ni habari mbili tofauti.

Mzigo wa neno unategemea mahali. Zanzibar na Pemba, kwa watu wazima wengi, maandamano ni Januari 2001: wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walitoka barabarani kupinga matokeo ya uchaguzi, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, na wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kuwa wakimbizi. Muafaka, yaani makubaliano ya CUF na CCM, ulisainiwa Oktoba mwaka huo huo. Ukimwandikia Mpemba wa rika hilo, huandiki neno jepesi.

Linafaa pale watu walipotoka mahali wakaenda mahali, kwa makusudi, wakiwa wengi. Mfano mgumu ni Uganda, Aprili 2011, kiongozi wa upinzani Kizza Besigye na wenzake walipoamua kwenda kazini kwa miguu kulalamikia bei ya mafuta na chakula. Serikali iliona maandamano. Wao wakasema wanatembea tu. Hapo ningeandika tendo lenyewe, "walitembea kwenda kazini kupinga kupanda kwa bei," niache msomaji achague jina.

Mgomo

Gari likikataa kuwaka limegoma. Punda akisimama katikati ya njia amegoma. Mwili wa mgomo ni mwili uliosimama, na nguvu yake inatoka katika kile ambacho hakifanyiki. Wale mama wa Tanga waligoma, na kama ningesikiliza sentensi yao ya kwanza kwenye simu ningeliona hilo.

Pwani ina kumbukumbu ndefu ya neno hili. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa Mombasa waliacha kazi: bandarini, reli, mahotelini, majumbani kwa mabwana. Walikutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini, na huko wakajadiliana, wakagawana chakula, wakaunda shirikisho lao, ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza. Mgomo ulidumu siku 12 hivi. Wale walikusanyika, ndiyo, lakini uzito wa jambo ulikuwa meli zilizokaa bila kupakuliwa. Anayewaita waandamanaji anaangalia uwanja na kusahau bandari.

Neno lina watoto wazuri. Mgomo baridi ni pale watu wanafika kazini, wanasaini, wanakaa, na kazi haiendi. Mgomo wa kula ni silaha ya asiye na kitu kingine cha kuzuia isipokuwa tumbo lake. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifanya hivyo Uhuru Park, Nairobi, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, na polisi walipokuja na virungu baadhi yao wakavua nguo, laana nzito kuliko zote ambayo mama anaweza kuitoa. Kisha kuna kugomea: kugomea mtihani, kugomea matokeo, kugomea kikao. Kiambishi hicho kidogo kinakuonyesha anayekataliwa, na mara nyingi ndicho kinachokosekana katika habari zetu. "Wanafunzi wagoma" inaniacha na swali. "Wanafunzi wagomea ada mpya" imenijibu.

Kwa mtendaji hakuna shida. Mgomo una mwenyewe daima. Kwa sheria hali ni tofauti kabisa na maandamano. Kenya, Ibara ya 41 ya Katiba inataja haki ya mfanyakazi kugoma, na sheria ya kazi inataka notisi ya siku 7. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu mgomo baada ya usuluhishi kushindikana na kura kupigwa, kwa notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Angalia neno mwajiri. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Juni 2024 kwa sababu ya kodi, kila mtu alisema wamegoma, na Kiswahili kiko sawa kusema hivyo. Lakini wao hawakuwa na mwajiri wa kumpa notisi. Lugha inaita mgomo, sheria ya kazi haiwagusi. Kama unaandika waraka wa kisheria, tenganisha hayo mawili. Kama unaandika habari, mgomo unatosha.

Mzigo wa mgomo ni kwamba msikilizaji humwaza anayeumia. Ukisema mgomo wa madaktari, anamwona mgonjwa kwenye benchi kabla ya kumwona daktari. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na kiini chake kilikuwa mkataba wa 2013 uliosainiwa bila kutekelezwa. Mkataba huo usipokuwa kwenye aya ya kwanza, neno mgomo litakuwa limeshatoa hukumu peke yake.

Kususia

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa neno hili lina matumizi machache, ila ni mazuri. Mtoto akikasirika akaacha sahani, amesusa. Kususia jambo ni kujitoa: kutonunua, kutopiga kura, kutohudhuria. Mwaka 1937 na 1938 wafanyabiashara wenye asili ya India walisusia karafuu ya Zanzibar kupinga sheria mpya za ununuzi, na India yenyewe, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikaunga mkono. Uchumi wa visiwa ukayumba mpaka maelewano yakapatikana. Tarehe 20 Machi 2016 CUF ilisusia uchaguzi wa marudio Zanzibar.

Kwa mwili ni kutokuwepo, jambo linalomfanya mwandishi akose picha. Mtendaji anaonekana. Sheria ina machache ya kumwambia mtu asiyenunua. Mzigo wake ndio tatizo: neno limetoka jikoni na bado linanukia mtoto aliyenuna. "Ukisusa, wenzio wala," watu watakuambia. Kama wahusika wana hoja nzito, gomea lina uti wa mgongo zaidi: "walisusia uchaguzi" na "waligomea uchaguzi" zinaeleza tendo moja kwa sauti mbili. Tumia susia pale wahusika wenyewe wanapolitumia, au pale kujitoa kulikuwa kimya kweli.

Waswahili wa Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, wana siku ambayo mji wote hufungwa, maduka, shule na usafiri, na jina lake la Kifaransa, ville morte, huingia moja kwa moja katika Kiswahili chao. Iko kati ya mgomo na kususia. Ukiiandika kwa msomaji wa Arusha, eleza kilichofungwa. Usiibatize "maandamano," kwa sababu siku hiyo barabara huwa tupu.

Ghasia, vurugu, machafuko na ndugu zao

Nimezikusanya pamoja kwa sababu kwenye vyumba vya habari hutumika kama maneno ya akiba: usipojua uandike nini, andika vurugu. Lakini zinatofautiana. Fujo ni ndogo; hata watoto darasani hufanya. Rabsha ni purukushani ya muda, kama ya kilabuni au kwenye mkutano wa kampeni. Vurugu imetokana na kuvuruga, kama mtu anavyokoroga maji yakapanda tope. Ghasia ni kubwa zaidi na ina kelele ndani yake. Machafuko ni ya nchi au eneo zima na hudumu. Bahari nayo huchafuka, na mvuvi anajua kwamba haichafuki kwa dakika tano.

Kwa mwili, maneno haya hayasemi kitu. Ukisoma "vurugu Manzese" hujui kama watu walichoma matairi, kama maduka yaliibiwa, kama polisi walipiga, au yote kwa zamu.

Kwa mtendaji ndipo penye jambo lililonifanya niandike makala hii. Sikiliza vitenzi vyake. Maandamano hufanywa, mgomo huitishwa. Ghasia huzuka. Vurugu hutokea. Machafuko huibuka. Ni vitenzi vya jini: kitu kimetoka ardhini, hakuna aliyekileta. Sentensi kama "Watu watatu wamefariki kufuatia vurugu zilizozuka" ni Kiswahili fasaha na ndani yake hamna mtu hata mmoja mwenye mkono. Nani alifyatua? Nani alirusha? Sarufi imeshawaachia huru.

Kenya ililipa gharama ya jambo hili. Tunasema "ghasia za baada ya uchaguzi" kwa yaliyotokea mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na ikaeleza kwamba baadhi ya matukio yalilipuka ghafla, mengine yalipangwa na kugharamiwa, na mengine yalikuwa risasi za polisi. Matendo ya aina tatu, yenye watendaji wa aina tatu, ndani ya neno moja linalozuka.

Zanzibar ina mfano wa watu waliokataa neno walilopewa. Julai 1951, wakulima wa Kiembe Samaki waliokuwa na kinyongo cha ardhi iliyochukuliwa kwa uwanja wa ndege walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima. Wakashtakiwa. Umati ukajaribu kuwakomboa, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Ripoti ya serikali ya kikoloni iliandika kuhusu machafuko. Wenyeji wakaita Vita vya Ng'ombe, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni. Vita ina pande mbili. Katika vita, aliyefyatua naye anahesabiwa.

Kwa sheria, haya ni maneno ya kesi. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zote zinaanzia kwenye kusanyiko lisilo halali la watu watatu au zaidi, na kusanyiko hilo likianza kuvunja amani kutimiza lengo lake linakuwa ghasia. Kwa hiyo mwandishi anayewaita waandamanaji "wafanya ghasia" ametamka kosa la jinai kabla hakimu hajaketi.

Hata hivyo maneno haya yana kazi yake halali, na sitaki kuyatupa. Ukimpigia dada yako aliye kwenye daladala, "Dada, kuna vurugu Ubungo, shuka mapema," umesema kila anachohitaji. Yanafaa pia kwa saa za kwanza, pale ambapo huna hakika nani alianza na ni uungwana kutomtaja yeyote. Yanafaa kwa ugomvi wa mashabiki. Kinachokosewa ni kuyaacha yakae hadi kesho, hadi mwezi ujao, hadi kwenye kitabu cha shule.

Maasi

Asi ni neno la dini na la nyumbani kabla halijawa la siasa: mja humwasi Mungu wake, mtoto humwasi mzazi. Ndani yake mna dai kwamba anayeasiwa alistahili utii. Hapo ndipo mzigo wake ulipo, na ni mzito.

Linakaa sawasawa pale penye kiapo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza wakidai mishahara bora na vyeo kwa Waafrika. Madai yao yalifanana na ya mgomo wowote. Lakini askari ameapa kutii amri na ana bunduki, na kwa hiyo tunasema maasi ya jeshi; jeshi lile lilivunjwa, na JWTZ, jeshi la Tanzania la leo, ikaundwa Septemba mwaka huo.

Sasa peleka neno hilo kusini, mwaka 1905. Watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kung'oa mche wa pamba kulikuwa tangazo, na watu walilisoma hivyo hadi Ungoni. Mjerumani aliita uasi. Sisi tunaita Vita vya Maji Maji. Ukiandika "maasi ya Maji Maji" umekubali bila kukusudia kwamba Mjerumani alikuwa mzazi na Mmatumbi mtoto. Wapo wanahistoria wanaolitumia neno hilo kwa maana ya kusimama dhidi ya dhulma, na siwalaumu, mradi wamelichagua kwa macho wazi.

Kwa mwili, maasi yanahitaji kukataa amri moja kwa moja, mara nyingi kwa silaha. Kwa mtendaji, mwasi anaonekana, lakini anaonekana kwa jicho la mtawala. Kwa sheria, ni karibu na uhaini. Linamfaa anayeandika kuhusu jeshi, au anayenukuu lugha ya utawala na kusema wazi kuwa ananukuu. Halimfai kijana mwenye bango.

Mapinduzi ni neno la mlango wa pili: litumie kama serikali iliondoka, kama Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Kama haikuondoka, subiri.

Maneno ya pembeni

Malalamiko ni ya mdomo na karatasi. Pingamizi ni la mahakamani na ofisini, hata kwa tangazo la ndoa. Upinzani, kwa masikio ya leo, ni vyama vya siasa. Ukitafsiri "walionyesha upinzani" kwa watu waliokuwa wakilalamikia maji ya bomba, umewasajili chamani bila kuwauliza. Harakati ni jambo la miezi na miaka, lenye maandamano, migomo, barua na kesi ndani yake. Usiliite tukio la asubuhi moja harakati.

Kwa hali yako

Kama unaandika habari ya leo na muda ni mfupi, anza na kitenzi na uache jina lije baadaye: walitembea, walikaa, walifunga, walirusha, walifyatua. Ukishakuwa na vitenzi vitatu vyenye watendaji wake, jina litajileta. Tarehe 25 Juni 2024 jijini Nairobi siku moja ilikuwa na maandamano ya amani dhidi ya mswada wa fedha tangu asubuhi, uvamizi wa jengo la Bunge mchana, na risasi za polisi zilizoua. Neno moja haliwezi kubeba vyote vitatu. Andika matatu.

Kama unafasiri, usimwulize mwandishi wa Kiingereza alimaanisha nini kwa protest. Angalia picha au aya inayofuata uone miguu ya watu iko wapi. Inatembea: maandamano. Imesimama kazini: mgomo. Hakuna miguu, kuna barua: malalamiko.

Kama wewe ni katibu wa chama cha wafanyakazi au kiongozi wa wauza soko, jitajie jina mapema, kwa maandishi, kabla wengine hawajakutajia. "Tunagoma kulipa ushuru huu, hatutaandamana" ni sentensi moja inayoweza kuwaokoa watu wako na maswali kituoni. Na kama mtaandamana, andika "tumetoa taarifa," usiandike "tumeomba kibali."

Kama wewe ni mwalimu, mpe mwanafunzi tukio moja na majina yake mawili. Kiembe Samaki inatosha kipindi kizima: nani alisema machafuko, nani alisema vita, na kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Kama unamwandikia jamaa aliye mbali, mwambie ulichokiona kwa macho yako na mtaa ulipokuwa. "Vurugu" itamnyima usingizi bila kumfahamisha lolote.

Na kama tukio lenyewe bado linagombewa jina, kama yale ya siku ya uchaguzi Tanzania, 29 Oktoba 2025, ambayo wengine huyaita maandamano, wengine vurugu, na serikali uvunjifu wa amani, tarehe ni jina la kuaminika wakati ushahidi unakusanywa. Watu wenyewe wameshalijua hilo, maana wengi husema "Oktoba 29" na wanaelewana. Wakenya walifanya hivyo mapema: mkutano wa Kamukunji wa 7 Julai 1990, wa kudai vyama vingi, unaitwa Saba Saba hadi leo. Ila ukiutaja kwa msomaji wa Dar es Salaam ongeza mwaka na mahali, kwa sababu kwake Saba Saba ni siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954, na ni maonyesho ya biashara Barabara ya Kilwa.